Ng'ombe wa Watu Kwenye Boma la Waitara

Kila aliyelicheza gemu lile la maharamia pale kwa Athumani alikuwa na neno lake juu yake, isipokuwa Waitara. Yeye alicheza na kunyamaza.

Vincent, mwendesha bodaboda, alisema gemu ni zuri ila linachelewa kunoga. Unaanza umetupwa ufukweni huna hata kisu. Unaokota mawe, unakata miti, unachuma majani ya kusokotea kamba, mara kiu, mara njaa, na zamu yako inakwisha hujamwona adui hata mmoja. "Hili si gemu la maharamia," alizoea kusema. "Ni gemu la kuni."

Agness aliuza dagaa sokoni, akifunga meza yake mapema siku za zamu yake. Alizaliwa ziwani, upande wa Shirati, na maneno yake yote yalihusu maji. Mawimbi aliyasifu, na rangi ya maji kabla ya mvua aliisifu pia. Lakini merikebu ya gemu ilimuudhi, kwa sababu iligeuka papo hapo kama baiskeli, na upepo ukikata yenyewe iliendelea na safari. Alisema aliyeitengeneza hajawahi kushika kasia maishani mwake.

Athumani mwenyewe hakucheza. Babu yake alikuja Mugumu kutoka pwani akiuza nguo, na yeye sasa alikuwa na chumba kimoja nyuma ya maduka, chenye televisheni mbili, moja ya mpira na moja ya maharamia. Wateja wakisubiri zamu, aliwasomea kwenye simu maoni ya wachezaji wa nchi za mbali, akiwageuzia Kiswahili. Walifurahi kusikia kwamba mtu wa ng'ambo huko, ambaye hata jina lake halitamkiki, naye anazilalamikia kuni.

Mtandao wa pale haukutosha kucheza na watu wa mbali. Kwa hiyo walicheza wao kwa wao, kwa zamu, ndani ya dunia moja iliyohifadhiwa kwenye mashine ya Athumani. Dunia hiyo ilikuwa na mtu mmoja tu wa kwao, mwanamume mwenye kitambaa chekundu kichwani, na kila aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa yeye. Ukimwacha na kiu, mwenzako anamkuta na kiu. Ukijenga ukuta, mwenzako anaukuta. Hivyo ndivyo walivyoweza, kidogo kidogo, wengi kwa mikono ya mtu mmoja, kuwa na kisiwa chao na merikebu ya milingoti miwili.

Waitara alikuwa fundi wa plau na nira, na kibanda chake kilitazamana na mlango wa Athumani. Kwao ni Kisaka. Darasa la saba lilikuwa mwisho wa masomo yake, na umri wake sasa ulikuwa wa watu kumwamkia shikamoo bila kujiuliza. Mteja akileta plau iliyopinda, Waitara aliitazama, akainama, akaanza kugonga. Bei aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba msamaha. Wasiomfahamu walidhani ana majivuno. Mkewe, Mogesi, ndiye aliyejua kwamba mume wake anaweza kuzunguka nyuma ya soko lote ili asipite mbele ya watu waliokaa kwenye benchi.

Mvua ndiyo iliyomwingiza kwa Athumani. Alikimbilia humo alasiri moja, akasimama karibu na mlango, na wakati uleule Agness akakumbuka dagaa wake walioanikwa. Alimtia pedi mkononi na kumwambia ashikilie tu, mtu asije akafa kwa kiu. Waitara akamsogeza yule mtu mwenye kitambaa chekundu mpaka kwenye kijito, akamnywesha. Alipoinua macho aliona, nyuma ya minazi, ng'ombe dume mweusi amesimama peke yake anakula majani.

Agness aliporudi akiwa amelowa, Waitara alikuwa bado anamwangalia yule ng'ombe.

Ng'ombe wa gemu lile walikimbia mtu aliyewaendea kwa haraka. Vincent alikuwa ameshajaribu kuwashika, akachoka, akaishia kuwala. Waitara aliwaendea alivyozoea kuwaendea watu, kwa upande, hatua moja na kusimama, huku ameshika majani mkononi. Wakamzoea. Akawa anakuja kila alasiri baada ya kazi, na zamu yake yote ikawa ya ng'ombe. Alijenga boma la miti kwenye kilima cha kisiwa, akaweka lango upande usiopigwa na upepo, akawapa wale ng'ombe majina ya rangi zao kwa Kikurya, moyoni. Wenzake walimcheka, lakini maziwa na ngozi walivitumia.

Habari zilimfikia Mogesi sokoni, kwamba mumewe anachunga ng'ombe wa televisheni.

"Wanatoa maziwa?" alimuuliza jioni.

"Wanatoa."

"Basi siku moja nami uniletee."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Jumamosi moja ya mnada, Vincent alipopata zamu ndefu. Ng'ambo ya kisiwa chao kulikuwa na kijiji cha wenyeji wa gemu, chenye ukuta wa mawe, mizinga na walinzi. Vincent alikizunguka kwa merikebu, akashuka upande wa nyuma, akawaua walinzi wawili, akaswaga ng'ombe wote aliowakuta na kuwapandisha melini. Chumba kizima kilimshangilia. Alipofika kisiwani hakuwatia popote ila kwenye boma la Waitara, kwa sababu lilikuwa boma pekee, na kwa sababu, kwa kweli, alitaka kumfurahisha mzee.

Waitara alikuja kesho yake, Jumapili, akapewa pedi, akaona boma limejaa.

"Tata, nimekuongezea," Vincent alisema, akimwita baba kwa Kikurya.

"Hawa wa nani?"

"Wako."

"Kabla hawajawa wangu."

"Wa kompyuta, Tata."

Watu walicheka mpaka Athumani akajifuta machozi. Waitara naye alitabasamu kidogo, kwa adabu. Aliwanywesha ng'ombe wote, wake na wa watu, akarudisha pedi kabla zamu yake haijaisha, akaenda zake. Vincent alishangaa kwamba hakupata hata asante.

Siku iliyofuata Waitara alifunga kibanda mapema. Chumbani hamkuwa na mtu ila Athumani aliyekuwa akihesabu vocha zake. Waitara aliwaswaga wale ng'ombe wageni mpaka ufukweni, akawapandisha merikebuni mmoja mmoja. Jike mmoja mwenye mabaka mekundu aligoma kabisa, akarudi bomani, naye Waitara akaamua kumfuata safari ya pili. Akang'oa nanga.

Alipokikaribia kile kijiji alifanya kila jambo ambalo mtu mstaarabu angelifanya. Alikwenda mchana kweupe, kwa mbele, langoni. Alishusha matanga mbali ili asionekane anavamia. Alitafuta kitufe cha kuficha upanga, akauficha. Athumani alikuwa ameacha vocha, anaangalia.

Mzinga wa kwanza ulivunja mlingoti. Wa pili ulitoboa ubavu. Waitara hakugeuza meli. Aliendelea kungoja, kama kwamba mtu angetoka langoni kuuliza shida yake ni nini. Moto ukashika matanga, maji yakaingia, ng'ombe wakaanza kuogelea na kupotea, na merikebu ya milingoti miwili, kazi ya watu wote tangu masika, ikalala ubavu na kuzama. Yule mtu mwenye kitambaa chekundu aliamka ufukweni kwao akiwa mikono mitupu, kama siku ya kwanza. Gemu lile lilijihifadhi lenyewe kila wakati. Hapakuwa na namna ya kurudi nyuma.

Waitara aliiweka pedi kwenye benchi polepole, kama yai. Alisema pole, akatoka.

Kuanzia hapo aliacha kuingia. Alikuwa mbele ya mlango ule kutwa nzima, akigonga plau zake, lakini hakuinua macho. Bodaboda walipopita walimpigia honi na kumuuliza kama amerudisha. Mmoja alimfungia breki kabisa, akamwambia kuna mbuzi amepotea kijiji cha Mbalibali, huenda mzee anajua pa kumpeleka. Vincent hakumtania. Vincent alikasirika kweli, na alipopita alitazama upande mwingine, na hilo ndilo lililomuuma Waitara kuliko honi zote.

Mwishoni mwa wiki Athumani alivuka barabara, akachutama karibu na nyundo yake. Alimweleza mambo yalivyo. Wateja wamegawanyika. Wako wanaosema televisheni zote mbili ziwe za mpira, gemu lile lifutwe na nafasi yake ichukuliwe, kwa kuwa hakuna mwenye nguvu za kuanza kuni upya. Wako wanaosema gemu libaki ila Waitara asishike pedi tena. Watakaa Jumapili baada ya ibada wamalize.

"Vincent anakiita kikao hicho ritongo," alisema, maana ritongo ni baraza la jadi la Wakurya. "Anatania, lakini wamekubaliana kwamba hakuna kitakachoamuliwa kabla mkubwa kuliko wote hajasema. Mkubwa ni wewe, mzee. Usipokuja watasema umekubali lolote."

Waitara aliuliza swali moja tu, kama ng'ombe wake bado wapo. Athumani akamwambia wapo, na yule jike wa mabaka pia yupo, hakuna aliyewagusa. Gemu likifutwa, basi na wao ndiyo mwisho.

Usiku huo alikula kidogo. Mogesi alidhani ni homa. Waitara hakuwahi kusimama mbele ya watu. Hata siku ya mahari yake, mjomba ndiye aliyemsemea. Alimweleza mkewe yote, kwa vipande, na alipofika mwisho alitarajia kicheko. Mogesi hakucheka.

"Ng'ombe wa watu wangekuwa kwenye boma letu, ungepata usingizi?"

"Nisingepata."

"Basi waambie hilo hilo. Usiongeze."

Jumapili chumba kilijaa, na televisheni zilikuwa zimezimwa. Vincent alianza. Alisema kwa uchungu kwamba gemu hili kasoro yake kubwa ni kazi, na kazi yenyewe wameifanya, wamekata kuni mpaka vidole vikaingia ganzi, na merikebu ikasimama. Kisha mtu mmoja akaichukua na kuipeleka kupigwa mizinga, tena akiwa amesimama tu. "Angalau angekimbia," alisema. "Angalau angejibu hata risasi moja." Agness alisema yeye kinachomsikitisha ni kwamba alikuwa ameshaizoea meli ile na ujinga wake. Mwingine alisema gemu lenyewe ni baya, halina huruma, mtu akifa anaanza na mawe. Mwingine akamjibu kwamba hiyo ndiyo raha yake. Wakabishana hivyo kwa muda, mpaka maneno yakawaishia wakamgeukia Waitara.

Hakusimama. Aliongea akiitazama televisheni iliyozimwa, kwa sauti iliyowafanya waliokuwa nyuma wasogee.

Alisema alipokuwa mtoto kule Kisaka, ng'ombe waliibwa kijiji cha mbali, na wenyewe wakafuata nyayo. Wengi mle chumbani walijua sheria ya nyayo, ila aliisema tu, taratibu. Nyayo zikiingia katika ardhi yenu, ninyi ndio mnazipokea. Mtazifuata na kuwaonyesha wenyewe zilikotokea upande wa pili. Mkishindwa, mwizi ni ninyi, mnalipa. Zile nyayo zilikuja mpaka karibu na boma la baba yake zikakomea hapo, maana mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kufuta zilikoendelea. Baba yake hakuwa ameiba. Alifungua lango, akatoa maksai wake wa kulimia, wale ambao wangeuzwa ili Waitara aende sekondari. Watoto walilia wakimwambia kosa ni la mvua.

"Baba akasema, mvua haina boma," Waitara alisema. "Sisi tunalo."

Waitara alijifuta kiganja kwenye suruali.

"Nilipoona wale ng'ombe kwenye boma nililojenga, niliona nyayo. Najua ni gemu. Lakini niliziona. Nikaenda, na nilidhani watanipokea. Siku zote hizi nimekaa kibandani nafikiri kwa nini walinipiga, na nimeona kwamba walinzi hawakukosea. Yule mtu ni mmoja. Aliyekwenda kuchukua na aliyekwenda kurudisha wana uso mmoja. Mimi niliona nimekwenda na mikono yangu, wao wakaona mikono ya Vincent."

Vincent alikuwa anazungusha kofia yake ya pikipiki magotini. Aliacha kuizungusha.

"Lakini Tata," alisema, na sauti haikuwa tena ya ugomvi, "baharini hakuna nyayo. Hakuna ambaye angekuja kukuuliza."

"Ndiyo maana nilikwenda mwenyewe."

Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamalizia. Merikebu ameizamisha yeye, hakatai. Zamu zake zote atakata kuni mpaka isimame nyingine, ng'ombe atawaangalia muda ukibaki. Ila wakikubali gemu libaki, boma lile lisiingizwe tena ng'ombe wa watu. Masikio yake yalikuwa moto kama chuma kilichotoka kwenye mkaa.

Vincent ndiye aliyemjibu. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba nyayo zile mpaka langoni kwa mzee alizipeleka yeye, na kwao Tarime aliyeleta nyayo hakai pembeni kumwangalia mwenye boma akilipa. Nusu ya kuni ni zake. Hapo watu wakaanza kuguna na kucheka kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia Vincent akiomba kuni. Agness akasema kama ni hivyo basi safari hii milingoti atapanga yeye, siyo watu waliojifunzia meli kwenye pikipiki. Wale wa mpira walitazamana, wakaona wameshindwa bila kura kupigwa.

Kabla hawajatawanyika Athumani aliwasha simu. Alisema siku zote wamekuwa wakisoma maoni ya wenzao wa mbali, na wao hawajawahi kutoa lao hata moja. Aliandika kwa Kiingereza chake kwamba kuni zipunguzwe, kwa ajili ya Vincent, na kwamba meli isigeuke kama baiskeli, kwa ajili ya Agness. Kisha akamuuliza Waitara.

Waitara alifikiri.

"Waandikie hakuna mahali pa kurudishia."

Majibu yalikuja siku zilizofuata, na Athumani aliyasoma chumbani kwa sauti. Wengi walicheka kwa vile vikatuni vya uso vinavyotoa machozi. Mmoja alisema anayetaka kurudisha vitu akacheze gemu la kulima mboga. Mmoja aliuliza kwa dhati, kurudisha nini, na kwa nini. Jibu la mtu mwingine lilikuwa refu kidogo. Alisema naye alishawahi, aliiba mbuzi kisha roho ikamsuta. Langoni hawapokei, kwa kuwa wanaukumbuka uso wako. Alichofanya ni kumshusha mbuzi ufukweni, mbali na mizinga, akaondoka kabla hajaonekana. Mbuzi hujua kwao.

Athumani aliombwa alisome tena lile la mwisho. Alilisoma. Siku hiyo Waitara alikata miti mingi kuliko siku zote.

Walijenga meli ya mlingoti mmoja, ndogo, iliyoinama kidogo upande wa kushoto. Agness alisema inageuka vibaya, na kwamba hiyo ndiyo sifa. Ilipomalizika hakuna aliyeuliza safari ya kwanza ni ya nani.

Siku ile waliokuwa upande wa mpira nao walisimamisha mchezo wao. Waitara alimpandisha yule jike wa mabaka, ambaye safari hii hakugoma, akazunguka kisiwa cha wenyeji kwa mbali mpaka kwenye ghuba ndogo isiyo na mizinga. Alimshusha hapo, akamwekea majani kidogo mchangani. Akarudi melini, akasogea mpaka ng'ombe akawa doa kwenye skrini, akasimama.

Ng'ombe alikula yale majani. Akainua kichwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu, Vincent akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu hatakwenda, amekwama, gemu limemsahau. Kisha yule jike akaanza kupanda kile kilima, bila haraka, akifuata njia iliyoonekana imekanyagwa na wenzake siku nyingi. Alipofika ukutani mizinga haikulia. Akapita pembeni ya ukuta, wakaona mkia, halafu hawakuona kitu.

"Amefika," Vincent alisema.

Waitara alikuwa bado ameshikilia pedi kwa mikono miwili.

"Sasa, Tata," Vincent aliendelea, "kumbe ile njia ya ng'ombe haina hata mlinzi mmoja."

Waitara aligeuka, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akimtazama mtu usoni kwa muda mrefu hivyo.

"Natania, Tata," Vincent alisema, akacheka, akanyoosha mkono. "Lete hiyo pedi. Nina kuni zangu za kumalizia."